Ofisi Imehamia Mtwara, Kompyuta Inasema Bado Uko Lindi: Namna ya Kusahihisha Eneo Baada ya Kuhamisha Ruta za Wi-Fi

Swali la kifaa kinachodai kiko mahali pengine huniijia kwa sura mbalimbali, lakini kiini chake ni kilekile. Mhasibu anapiga simu kusema kwamba kompyuta yake mpakato inaonyesha yuko Lindi mjini, ilhali amekaa Shangani, Mtwara. Msimamizi wa ghala anasema programu ya mahudhurio imemkataa mfanyakazi aliyesimama mlangoni kwa madai kwamba yuko Dar es Salaam. Mwingine ana kishikwambi ambacho saa yake imetangulia kwa saa nzima, naye hajui amlaumu nani. Ukiwauliza vizuri, utagundua kwamba wote watatu wamehama ofisi siku za karibuni au wamefungiwa ruta zilizokwisha kutumika kwingine, na wote watatu wamekwisha kuzima na kuwasha kompyuta mara nyingi bila mafanikio. Huku kwetu kusini maswali huongezeka msimu wa korosho unapokaribia, kwa sababu ndipo ofisi za muda zinapofunguliwa Masasi, Newala, Tandahimba na Nachingwea, na msimu ukiisha ruta zilezile hutiwa katika maboksi zikapelekwa pengine.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayesimamia vifaa vya ofisi ndogo, hata kama kazi yake ya msingi ni uhasibu au utunzaji wa stoo. Fuata hatua kwa mpangilio wake, kwa kuwa anayeruka hatua ya pili kwa kawaida hupoteza siku nzima akitibu ugonjwa usiokuwepo.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Kompyuta mpakato nyingi hazina kipokezi cha setilaiti kama kilichomo ndani ya simu. Ili zijue mahali zilipo, husikiliza ruta zote za Wi-Fi zilizo karibu, huchukua anwani ya redio ya kila ruta, yaani ile tarakimu ndefu ambayo kwenye mipangilio huandikwa BSSID, kisha huituma kwa huduma ya Google, Apple au Microsoft. Huduma hiyo ina hifadhidata iliyojengwa na simu za watu waliopita karibu na ruta hizo huku setilaiti ikiwaonyesha mahali walipo. Kwa hiyo ruta yako iliandikwa zamani kwamba iko Lindi, na kila kompyuta inayoisikia leo huambiwa kwamba nayo iko Lindi. Kompyuta haihitaji hata kuunganishwa na ruta hiyo, kwani kuisikia tu kunatosha. Jina la mtandao halihusiki, isipokuwa lina alama za hatua ya tisa, nenosiri halihusiki, wala akaunti ya mtumiaji haihusiki.

Hili ndilo linaloeleza kwa nini tatizo hutuumiza zaidi sisi kuliko wenzetu wa Kariakoo. Ruta moja ikihamia katikati ya Kariakoo, itazungukwa na ruta nyingi za majirani ambazo mahali pake panajulikana, na huduma huona kwamba moja inasema tofauti na wengi, ikaipuuza. Ofisi iliyojitenga Naliendele au pembeni mwa Mikindani, ambayo imehama na ruta zake zote tatu, haina jirani wa kuisahihisha. Ruta zote zinazosikika zinatoa ushahidi mmoja, na ushahidi huo ni wa uongo.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Simu moja ya Android na, ikiwezekana, iPhone moja, zote zikiwa na laini, bando la kutosha na chaji ya kutosha. Sababu ya kutaka simu za aina mbili ni kwamba Google na Apple kila mmoja ana hifadhidata yake, na kuisahihisha moja hakusahihishi nyingine.
- Angalau kompyuta mpakato moja inayoonyesha eneo lisilo sahihi, pamoja na waya wa USB wa kuiunganisha na simu.
- Nenosiri la msimamizi la kila ruta. Lisake mapema, kwa maana mara nyingi liko kwa fundi aliyezifunga ruta ofisi ya zamani, na fundi huyo hapokei simu.
- Karatasi au jedwali la kuandikia anwani za redio na matokeo ya kila siku.
- Ruhusa ya mkuu wa ofisi ya kuzima mtandao kwa robo saa. Chagua saa ambayo hakuna anayetuma malipo wala anayepakia nyaraka za mnada.
- Subira ya siku kadhaa, pengine wiki kadhaa. Hakuna kitufe cha kusahihisha papo hapo, na anayekuahidi kwamba anacho anataka fedha yako.

Hatua

1. Andika kosa lilivyo. Kwenye kompyuta yenye tatizo fungua Google Maps katika kivinjari, bonyeza alama ya kuonyesha mahali ulipo, na uandike latitudo na longitudo za alama ya buluu. Kwa ofisi zilizohama kati ya miji yetu miwili, tarakimu hizi husomeka kwa urahisi: Mtwara mjini ni takriban -10.27 na 40.18, wakati Lindi mjini ni takriban -10.00 na 39.71. Ukiona longitudo inaanza na 39 ilhali umekaa Shangani, hilo si kosa la mita chache ambalo ramani yoyote inaweza kulifanya. Hapo umerushwa safari ambayo kwa barabara inazidi kilomita 100. Andika pia jina la kifaa, mfumo wake na programu uliyotumia, kwa sababu inawezekana kabisa Chrome ikakuweka Lindi na programu ya hali ya hewa ya Windows ikakuweka kwingine.

2. Tafuta chanzo cha kosa. Kifaa hupata eneo lake kwa njia kuu tatu, nazo ni setilaiti, ruta za Wi-Fi zilizo karibu, na anwani ya IP, yaani namba ambayo mtandao wako hutambuliwa nayo kwenye intaneti. Tiba ya kila moja ni tofauti, kwa hiyo usiendelee kabla hujazitenganisha.

   Anza na setilaiti. Toka nje ukiwa na simu, usimame mbali na paa la bati, kisha uzime Wi-Fi na ufungue ramani. Hapa kuna mitego miwili. Kwenye iPhone, kuzima Wi-Fi kwa kuvuta paneli ya vitufe vya haraka hakuizimi kabisa, bali huikata tu kwenye mtandao uliounganishwa, hivyo ingia kwenye mipangilio yenyewe uizimie huko. Kwenye Android, simu inaweza kuendelea kusikiliza ruta hata Wi-Fi ikiwa imezimwa, kwa hiyo fungua Mipangilio, kisha Mahali, kisha huduma za mahali, uzime utafutaji wa Wi-Fi kwa muda wa jaribio hili. Simu ikionyesha mahali sahihi hapo nje, setilaiti iko salama. Washa tena Wi-Fi, ingia ndani ya ofisi, na uangalie kama alama ya buluu itaruka kwenda kule ofisi ya zamani. Ikiruka, ruta zako ndizo mshukiwa wa kwanza.

   Malizia na anwani ya IP. Zima Wi-Fi ya kompyuta, iunganishe na intaneti kwa waya, kisha tafuta neno lolote kwenye Google na ushuke hadi chini kabisa ya ukurasa wa matokeo. Huko huandikwa eneo unalodhaniwa upo pamoja na chanzo cha dhana hiyo, iwe ni kifaa chako, shughuli zako za zamani au anwani ya intaneti. Ukiona Dar es Salaam kwa kigezo cha anwani ya intaneti, usishtuke wala usihesabu kuwa ni ugonjwa, kwa kuwa watoa huduma wengi hupitishia mawasiliano yao Dar es Salaam na anwani za IP za wateja wa mikoani husomeka huko. Kanuni ninayoitumia ni hii: kosa linalokupeleka Dar es Salaam kwa jumla mara nyingi ni la IP, lakini kosa linalokupeleka kwenye mtaa uleule, au hata jengo lilelile la ofisi ya zamani, ni la Wi-Fi.

3. Thibitisha kwa kuzima ruta. Zima ruta zote za ofisi kwa dakika 10 hadi 15. Acha Wi-Fi ya kompyuta ikiwa imewashwa, lakini ipe intaneti kutoka kwenye simu kwa waya wa USB. Iwashe kompyuta upya, kisha fungua ramani. Ikiwa sasa inaonyesha mahali sahihi, au inaonyesha Dar es Salaam kwa ujumla, au inasema haijui ilipo, basi imeachana na ushahidi wa ruta zako na umempata mhusika. Ikiendelea kukuonyesha jengo la zamani, angalia kama kuna ruta uliyoisahau. Niliwahi kuhangaika nusu siku katika ofisi moja hadi nilipokuta ruta ndogo ya kuongeza nguvu ya Wi-Fi nyuma ya kabati la mafaili, ikiwaka taa yake ya kijani kwa utulivu, ambayo hakuna aliyekumbuka kwamba ilihamishwa.

4. Orodhesha anwani za redio. Kwenye Windows fungua dirisha la amri na uandike `netsh wlan show networks mode=bssid`. Utaona kila mtandao unaosikika pamoja na anwani zake zote. Kwenye matoleo mapya ya Windows 11 amri hii hukataa kufanya kazi mpaka huduma ya eneo iwe imewashwa, hivyo usidhani umekosea kuandika. Kwenye Mac shikilia kitufe cha Option huku ukibofya alama ya Wi-Fi, na anwani ya mtandao uliounganishwa itaonekana.

   Usishangae orodha ikiwa ndefu kuliko idadi ya ruta. Boksi moja linalorusha mtandao wa wafanyakazi na mtandao wa wageni, kila mmoja kwenye masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5, huwa na anwani nne. Zote nne zinaweza kuwa zimeandikwa Lindi, na zote nne zinahitaji kusahihishwa. Weka pia alama kwenye anwani za majirani, maana hao ndio watakaokusaidia: kadiri majirani wanavyosikika wengi, ndivyo kazi yako inavyokuwa nyepesi.

5. Funga ruta mahali pake pa kudumu kabla ya kwenda mbele. Usianze kusahihisha ilhali ruta bado iko juu ya meza ya mapokezi ikisubiri fundi wa dari. Kuihamisha kutoka chumba hadi chumba hakuna madhara, lakini kuipeleka ghalani Mingoyo wiki ijayo kutaifuta kazi yote uliyoifanya. Kama unajua ofisi ni ya miezi mitatu tu, ruka moja kwa moja hadi hatua ya tisa.

6. Tayarisha simu za kuzifundishia huduma hizo mahali papya pa ruta. Kwenye Android washa Mahali, kisha katika huduma za mahali washa usahihi wa mahali wa Google na urudishe utafutaji wa Wi-Fi uliouzima katika hatua ya pili. Kwenye iPhone washa sehemu iliyoandikwa Location Services katika mipangilio ya faragha. Wi-Fi ya simu iwe imewashwa, lakini si lazima iunganishwe na mtandao wa ofisi, na kwa kweli mimi hupendelea isiunganishwe, ili intaneti ipitie kwenye laini. Zima hali ya kuokoa betri, kwa sababu hiyo hupunguza usikilizaji wa ruta na upokeaji wa setilaiti, na ndivyo vitu viwili tunavyovihitaji hapa.

7. Zunguka ofisi ukiwa nje. Hapa ndipo penye kazi yenyewe, nami naomba uipe nafasi yake. Anza mahali penye anga wazi, mita 20 au 30 kutoka kwenye jengo, ukiwa bado unaisikia Wi-Fi ya ofisi. Fungua ramani na usubiri mpaka duara la buluu hafifu linaloizunguka alama yako lisinyae na kuwa dogo, ishara kwamba setilaiti imekushika vizuri. Simu ya kawaida chini ya anga wazi inaweza kukuweka ndani ya mita 5 hivi. Ikiwa alama inaendelea kukuvuta kwenda Lindi hata ukiwa nje, zima ruta kwa muda, uache simu ishikwe na setilaiti, kisha mwombe mwenzako aziwashe ukiwa bado umesimama palepale.

   Baada ya hapo washa mwongozo wa njia wa kutembea kwa miguu katika ramani, uchague sehemu iliyo karibu, na utembee polepole kuzunguka jengo pande zote. Simama dakika moja au mbili katika kila kona. Fanya mizunguko mitatu kwa simu ya Android na mitatu kwa iPhone. Katika ofisi iliyo karibu na bahari upande mmoja hautakuwa na njia ya kupita, na hilo si tatizo, mradi umepata pande zilizobaki. Usifanye zoezi hili ukiwa ndani: chini ya paa la bati na zege simu hupoteza setilaiti, hugeukia Wi-Fi, na hapo unakuwa unamwuliza mwanafunzi amfundishe mwalimu.

8. Rudia kwa siku kadhaa, na watu tofauti. Mzunguko mmoja wa simu moja haubadilishi sana kitu, kwa kuwa huduma hizi huhitaji ushahidi wa mara nyingi kabla ya kukubali kwamba ruta imehama. Waombe wafanyakazi wote waache huduma ya mahali ikiwa imewashwa wanapoingia asubuhi na wanapotoka jioni, na bodaboda anayeleta chakula cha mchana, kama naye ana simu ya kisasa, atakuwa anakusaidia bila kujua. Kila jioni rudi kwenye kompyuta ileile, fungua ramani, andika longitudo. Kwa uzoefu wangu mabadiliko hayaji kidogokidogo. Siku kadhaa hakuna kinachotokea, kisha asubuhi moja unakuta imehama yenyewe. Google na Apple hawabadiliki siku moja, hivyo usikate tamaa ukiona simu ya mkurugenzi imepona na ya katibu bado.

9. Kwa ruta zinazohamahama, iondoe kabisa kwenye hifadhidata. Ikiwa ruta itasafiri kila msimu, au imefungwa kwenye gari, kuifundisha ni kazi bure. Badili jina la mtandao liishie na `_nomap`. Google huheshimu alama hiyo ikiwa iko mwishoni mwa jina, na Apple pia huiheshimu. Microsoft hutaka alama ya `_optout`, ambayo inaweza kukaa popote ndani ya jina. Ukitaka kuwaridhisha wote watatu, andika kwa mpangilio huu: `Korosho-Ofisi_optout_nomap`. Jina lote lisizidi herufi 32, na alama ziandikwe kwa herufi ndogo kama zilivyo hapa. Fanya hivyo kwa kila mtandao unaorushwa na ruta, ukiwemo wa wageni, vinginevyo ule mmoja uliouacha utaendelea kutoa ushahidi.

   Elewa gharama yake kabla hujabadili. Jina likibadilika, kila printa, kamera, mashine ya malipo na simu itabidi iunganishwe upya, na ukifanya hivyo saa nne asubuhi utajuta. Pia alama hizi zinaondoa tu ruta kwenye hesabu. Hazimwambii mtu yeyote mahali sahihi. Mahali pasipo majirani, kompyuta itakosa Wi-Fi ya kuitegemea na kurudi kwenye anwani ya IP, yaani itasema Dar es Salaam. Kwa ofisi ya kudumu siipendekezi. Kwa ofisi ya msimu ndiyo njia ninayoitumia mwenyewe, na ningeshauri jina hilo lianze kutumika wiki chache kabla ya kuhama badala ya kungoja baada ya kuhama.

10. Futa kumbukumbu za zamani kwenye vifaa. Ramani ikishaonyesha mahali sahihi kwenye kifaa kimoja, vizime na kuviwasha vilivyosalia. Kwenye Windows ingia kwenye mipangilio ya faragha, sehemu ya eneo, na uangalie kama kuna eneo la msingi lililowekwa kwa mkono na fundi wa zamani, lirekebishe. Angalia pia anwani za nyumbani na kazini zilizohifadhiwa katika akaunti ya Google za wafanyakazi, kwa sababu mtu aliyeandika kwamba kazini kwake ni Lindi ataendelea kupewa foleni za Lindi hata ruta zikipona.

Makosa yanayorudiwa sana

Kosa la kwanza ni kurejesha kompyuta katika hali ya kiwandani. Nami nililifanya, tena mara mbili katika wiki moja, nikiwa na mashine ya mteja na kikombe cha chai kilichopoa, na mara zote mbili Windows mpya kabisa ilifunguka ikisema habari ya Lindi. Kosa halimo ndani ya kompyuta, kwa hiyo hakuna cha kufuta humo.

Kosa la pili ni kubadili jina la mtandao au nenosiri kwa matumaini kwamba ruta itaonekana mpya. Isipokuwa umeweka zile alama za hatua ya tisa, jina halibadilishi kitu, kwa kuwa anwani ya redio imebaki ileile. La tatu linafanana nalo: ruta nyingi zina sehemu ya kunakili anwani ya MAC, yaani namba ya kukitambulisha kifaa kwenye mtandao, na mafundi huitumia wakidhani wameibadili ruta. Sehemu hiyo kwa kawaida hugusa upande wa waya unaokwenda kwa mtoa huduma, wala haigusi redio ya Wi-Fi. Unaweza kujikuta umekata intaneti ya ofisi nzima bila kusogeza eneo hata hatua moja.

La nne, na hili lina hatari ya kazi ya mtu, ni kuwaruhusu wafanyakazi watumie programu za kughushi eneo ili mfumo wa mahudhurio uwakubali. Mifumo mingi hugundua eneo la kughushi na kuliandika kama udanganyifu. Ni heri kumwandikia ofisa utumishi mapema, ueleze kwamba ofisi imehama, na uombe mahudhurio yasainiwe kwenye daftari mpaka eneo litakapotengemaa. Hakikisha pia kwamba mfumo wenyewe umepewa mipaka ya ofisi mpya. Nimewahi kuombwa nisahihishe ruta zilizokuwa sahihi, kumbe mfumo ndio uliokuwa bado unamsubiri mfanyakazi kwenye jengo la zamani.

Ukikwama

*Ramani iko sahihi, lakini tovuti zinadai niko Dar es Salaam.* Tovuti hizo zinatumia anwani ya IP. Kwanza zima VPN ya makao makuu, yaani muunganisho unaopitisha intaneti yenu kwenye mtandao wao, kama ipo, na ujaribu tena. Ikiwa ofisi ina anwani ya IP yake peke yake, iliyolipiwa, unaweza kumwandikia mtoa huduma wako arekebishe taarifa za eneo. Wenye anwani za IP wana utaratibu wa kuchapisha orodha ya maeneo yake, uliowekwa mwaka 2020 kwa waraka RFC 8805, na kampuni zinazokusanya maeneo ya IP, kama MaxMind, hupokea maombi ya marekebisho. Ikiwa unatumia intaneti ya laini ya simu au kifurushi cha kawaida, anwani yako huenda inatumiwa na wateja wengi wa mikoa mbalimbali kwa wakati mmoja, na hapo sioni faida ya kuhangaika.

*Eneo linarukaruka, mara Mtwara, mara Lindi.* Hii kwa kawaida ni habari njema, kwamba baadhi ya anwani zimesahihishwa na nyingine bado. Rudi kwenye orodha ya hatua ya nne, simama karibu na kila ruta kwa zamu, na uone ni ipi inayokuvuta. Izungukie hiyo zaidi. Ikiwa ruta moja kati ya tatu imebaki Lindi kweli, yaani hamkuhama nazo zote, basi chunguza kama anwani yake mmeichanganya na za ruta mlizohama nazo.

*Simu zimepona, kompyuta za Windows bado.* Programu nyingi za Windows huuliza hifadhidata ya Microsoft, na kompyuta za ofisini zisizo na setilaiti haziwezi kuifundisha. Kuweka eneo la msingi husaidia pale tu Windows inaposhindwa kupata eneo lililo bora zaidi, kwa hiyo halishindi ushahidi wa ruta. Kinachosaidia ni alama ya `_optout` kwenye jina, ikifuatana na eneo la msingi lililoandikwa sawasawa.

*Wiki tatu zimepita na hakuna kilichobadilika.* Kagua kwanza kama jina la mtandao linaishia na `_nomap`, pengine kwa kazi ya fundi aliyekutangulia, maana hapo ulikuwa unamfundisha aliyeziba masikio. Ikiwa halina, rudia hatua ya saba mchana, bila mawingu mazito, na kwa simu nyingine tofauti na ya kwanza. Ikishindikana kabisa na kazi inadai, badilisha ruta zinazokuvuta Lindi kwa mpya zilizotoka kwenye boksi, na zile za zamani uzizime na kuziweka akiba. Ni ghali kuliko kutembea, ndiyo maana nimeiweka hapa mwishoni.

*Saa ya kishikwambi imetangulia.* Tanzania nzima hutumia majira mamoja, hivyo ruta iliyotoka Dar es Salaam au Lindi haiwezi kukubadilishia saa. Saa ikiruka, ruta imetoka nje ya nchi. Kishikwambi nilichokitaja mwanzoni kilikuwa Lindi, hakina laini, na ofisi ilikuwa imenunua ruta mbili zilizotumika Dubai, ambako saa iko mbele yetu kwa saa moja. Kilijipangia majira kwa kufuata eneo, kikatangaza saa saba ya mchana wakati msikiti wa jirani ulikuwa bado haujaadhini adhuhuri, na mhudumu wa mapokezi alikuwa amekwenda kula chakula mapema kwa siku tatu mfululizo kabla mtu hajamwuliza. Zima upangaji wa majira wa kujiendesha, chagua Dar es Salaam kwa mkono ili kazi iendelee, kisha anza hatua ya kwanza na ruta hizo kama zilivyo nyingine zote.